Wabwile wa Matulo Hakutorokea Suam

Mume wangu Wabwile alikufa Matulo, nyumbani kwake, saa nane mchana, mimi nikiwa nimemshika mguu wa kushoto kwa sababu huo ndio ulikuwa unamuuma. Hakufia barabarani. Hakuvuka mpaka wowote. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, mtoto wetu wa kwanza alilitia simiti, na kandokando yake napalilia mimi mwenyewe. Nayasema haya mwanzo kabisa kwa sababu kuna watu wengi, hasa waliosoma sekondari huku Bungoma na kule Kitale, ambao wakisikia "Wabwile wa Matulo" wanacheka. Wanamjua mwingine. Huyo mwingine ni wa kitabu. Mimi nataka mjue wa kwangu, na mjue nilivyohangaika kulitoa jina lake mahali lilipokuwa limekwama.

Wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Miaka thelathini na minne alifanya kazi chini ya mabati aliyojipigilia mwenyewe, upande wa barabara ya kwenda Webuye. Ukimletea gurudumu limepinda, anaipindua baiskeli matairi juu, anazungusha, anafunga jicho moja, na kipande cha chaki mkononi. Pale chaki ilipogusa rimu ndipo penye ubaya. Anakaza spoki hapa, analegeza pale, anazungusha tena. Gurudumu moja lingeweza kumla saa tatu, na hakutaka kuongeleshwa. Mtu akichoka kungoja akamwambia, "Fundi, si hapo panatosha," anamjibu, "Wewe ndiye panakutosha. Rimu bado."

Sisemi alikuwa malaika. Akikasirika alikuwa ananyamaza wiki mbili, mpaka mimi naongea na kuku. Lakini hakumdanganya mtu, na hakuna mtu alilala njaa amefika kwetu.

Sasa, mwaka jana mwezi wa nane, mjukuu wangu Khisa alipata mtoto wa kiume. Mke wake anaitwa Phanice, mwalimu wa shule ya msingi hapa Bungoma mjini. Nampenda huyo msichana, lakini ana kichwa. Nilikuja kumsaidia kulea, nikalala chumba cha nyuma na mapipa ya maji.

Siku ya tisa mtoto aliamka analia. Hana joto, tumbo ni laini, amenyonya, bado analia. Kwetu mtoto akilia hivyo anadai jina. Nikamchukua, nikakaa naye mlangoni, nikaanza kumwitia wazee mmoja mmoja. Nikataja baba mkwe wangu, analia. Nikataja ndugu zake wawili, analia zaidi. Nikasema, "Ama ni wewe, Wabwile?" Kimya. Akafungua macho akaniangalia kama mtu aliyekuwa akingoja zamu yake.

Khisa akapiga makofi. Phanice akageukia ukuta.

"Hapana, Kukhu," akasema. Kukhu ndiyo nyanya, hivyo ndivyo wanavyoniita. "Jina lingine lolote. Hilo hapana."

"Kwa nini?"

"Huyu ataitwa Brayden."

"Brayden alikuwa nani?"

"Hakuwa mtu, Kukhu. Ni jina tu."

"Amezikwa wapi?"

"Si nimekwambia ni jina tu!"

"Basi unampa mtoto jina la mtu ambaye hata kufa hajawahi. Huyo atamjulia wapi mtoto?"

Khisa akacheka akatoka nje kwa haraka, kwa sababu alijua yanayokuja. Phanice akakaa kitandani, akaniambia ukweli wake. Shuleni kwao kulikuwa na kitabu cha ujasusi, *Bahasha ya Kijani*, cha zamani, kimeshonwa na uzi wa gunia, na kila kidato walikisoma wakipeana chini ya dawati. Ndani yake kuna mtu anaitwa Wabwile, fundi wa baiskeli wa Matulo. Ndiye aliyemwuza mwalimu mwema kwa maadui. Wasichana wakawa na neno lao. Mwenzako akikuchongea kwa mwalimu, unamwambia, "Umenifanyia Wabwile." Akiiba sabuni yako, yeye ni Wabwile.

"Sasa unataka nimpeleke mtoto wangu shule na jina hilo?" akasema. "Kukhu, watamla."

Nikamwambia hayo ni maneno ya watoto, na mtu wa kitabu hawezi kulishinda kaburi la simiti. Nilidhani nimemaliza. Lakini huyo mwalimu alikuwa na lingine.

"Haya, wacha shule," akasema. "Khisa alipozaliwa, si walitaka kumwita Wakoli? Na nani alikataa?"

Aliyekataa ni mimi. Wakoli alikuwa ndugu ya mume wangu, aliingia Uganda kutafuta kazi, hakurudi, na hakuna aliyejua kama amekufa ama yuko. Nilisimama mbele ya wazee nikasema jina la mtu aliyepotea halipewi mtoto, kwa sababu huwezi kujua mwenyewe yuko wapi, na mtoto ataenda kumtafuta. Nilisema kwa sauti. Wote walinisikia, na hadithi hiyo inasimuliwa mpaka leo.

"Wabwile wa kitabu pia alipotea," Phanice akasema. "Ni fundi wa baiskeli. Ni wa Matulo. Alivuka mpaka wa Suam akaingia Uganda, na hatajwi tena. Watu elfu ngapi wanamjua hivyo? Ni sheria yako, Kukhu. Siyo yangu."

Hapo alinipata.

Nikamwambia alete hicho kitabu. Akakipata kwa mwalimu mwenzake. Mimi nilijifunza kusoma kwa gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka hamsini na tano. Nasoma kwa kidole, polepole, lakini nikishafika nimefika. Nilikisoma siku nne, na pale pagumu Phanice alinisomea akinyonyesha.

Hadithi yenyewe si mbaya. Kuna Kapteni mmoja jasusi, kuna msichana anaitwa Rosa, kuna mkubwa wa maadui mwenye jino la dhahabu. Mwalimu Zakayo ameficha bahasha ya siri darini kwake. Huyo Wabwile anawaonyesha maadui mlango wa Zakayo ili apewe redio ya betri sita. Zakayo anauawa. Wabwile anaificha bahasha chini ya kiti cha baiskeli anaenda nayo mpakani. Ukurasa wa themanini na nane unasema, "Wabwile akavuka daraja la Suam bila kugeuka nyuma." Halafu hakuna. Kapteni anaipata bahasha huko mbele, mwenye jino anatumbukia bondeni na gari lake, Rosa analia, wanakunywa soda, mwisho.

"Na Wabwile?" nikauliza.

"Alitoroka."

"Akaenda wapi?"

"Kukhu, kitabu kimeisha."

"Kimeisha aje na mtu bado anatembea? Zakayo ameuawa, mke wake ameachwa na watoto, na huyu anasikiliza redio Uganda?"

Phanice akacheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akaniangalia, akasema si kwa kucheka, "Ukinipatia mwisho wake, jina nalikubali. Jumapili ya pili mama yangu na watu wa Khisa wanakuja kula. Siku hiyo mtoto lazima awe na jina. Ukikosa, ni Brayden."

"Sawa," nikasema. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Nyuma ya kitabu kulikuwa na jina la mwandishi, Kizito Makokha, na neno Kitale. Nikaenda kwa Osman, karibu na msikiti wa mjini, ambaye amekuwa akiuza vitabu vilivyosomwa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nikampa salamu, akanipa kiti.

"Mama, hicho watu wananiulizia mpaka leo," akasema akikishika kama mkate. "Kikiingia asubuhi, saa sita kimetoka. Unakiuza?"

"Siuzi. Namtaka mwenyewe aliyeandika. Yuko hai?"

"Makokha? Yuko. Anakaa Matisi, kule Kitale, nyuma ya posho mill. Anauza miche ya mboga. Amekukosea?"

"Amempoteza mume wangu."

Osman akaniangalia kwa heshima sana, akavua miwani. Nikaona amenielewa vibaya, ikabidi nimweleze. Alipoelewa alicheka akisema "Wallahi," akaniandikia namba ya Makokha kwenye karatasi. Sikuipiga. Mtu ukimpigia simu anapata nafasi ya kuwa hayuko.

Jumatano nilifika Matisi kabla ya saa tano. Nilimkuta mzee mwembamba amevaa sweta limetoboka viwiko, anamwagilia miche kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia.

"Karibu, mama, karibu. Kama ni miche ya sukuma, njoo kesho. Leo bado ni midogo."

"Sikuja kwa sukuma. Ni wewe uliandika *Bahasha ya Kijani*?"

Uso wake ulibadilika akawa kijana. Akapangusa mikono kwenye suruali. "Kumbe bado wanasoma! Kaa, kaa hapa. Najua unachotaka kuuliza. Wote wanauliza kama Kapteni alimwoa Rosa."

"Rosa hanihusu. Nimekuja kuchukua Wabwile."

"Nani?"

"Si unaona! Umeshamsahau. Ukurasa wa themanini na nane, ulimpitisha Suam."

Akafikiri kidogo. "Aa, yule mdogo. Mama, yule ni mtu mdogo tu. Kitabu cha ujasusi lazima kiwe na wabaya wadogo. Mmoja anafungua mlango, mwingine anapeleka barua, wanaenda zao. Ukimfuata kila mmoja, kitabu hakiishi."

"Anaenda zake wapi?"

"Haijulikani."

"Ni wewe ulimtengeneza. Kama wewe hujui, nani anajua?"

Akaanza kucheka, kisha akaona mimi sicheki. Nikamwambia, "Mimi ni Nangila. Ni mjane wa Wabwile, fundi wa baiskeli wa Matulo. Alikufa mwaka wa elfu mbili na kumi na moja."

Mkebe wa maji ulikuwa mkononi mwake. Akauweka chini taratibu, kama una mayai. "Yule wa chaki?" akauliza.

Nikamuuliza amemjulia wapi.

Akanieleza akiwa amesimama. Mwaka wa themanini na tatu alikuwa karani wa majosho ya ng'ombe, anazunguka na baiskeli kutoka josho hili hadi lile. Akaanguka kwenye mtaro karibu na Matulo, gurudumu la mbele likapinda kabisa. Wabwile akalinyoosha kuanzia saa nne mpaka saa tisa. Mvua ikaja. Wabwile akamleta nyumbani, akala, akalala, asubuhi akaondoka.

"Mkewe alinichinjia kuku," akasema.

"Ni wewe ulikula kuku wangu wa mayai!" nikamwambia. "Alikuwa anataga kila siku! Nilimwambia Wabwile achukue jogoo, akasema mgeni amelowa."

"Pole, mama."

"Na ulirudia sahani mara tatu!"

"Nilikuwa na njaa, mama. Pole kabisa."

Alienda akachemsha chai, akaileta na kikombe kisafi. Nikakiacha mezani. Aliona, na alijua maana yake, kwa sababu yeye ni mtu wa huku. Unaweza kumtukana mtu na bado mkapatana, lakini kuacha chai yake ipoe ni neno lingine.

"Nieleze," nikasema. "Mtu amekunyooshea gurudumu, umekula kuku wake, halafu unaenda kumfanya mchawi wa kuuza watu?"

Akakaa chini. Akasema hakuanza hivyo. Alitaka kumshukuru, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa, kwa hiyo akaweka jina lake kitabuni. Mwanzo Wabwile wa kitabu alikuwa mtu mwema anayemficha Kapteni. Alipopeleka kwa watu wa kuchapa huko Nairobi, wakamwambia hadithi imelala, lazima kuwe na mtu wa hapo kijijini anayemwuza Mwalimu Zakayo. Akawa na majuma mawili ya kubadilisha. Akambadilisha aliyekuwa karibu. Jina akaliacha, kwa sababu alikuwa amelizoea.

"Ilipofika wakati wa kumlipiza, kalamu ilinikataa," akasema. "Kila nikitaka apigwe risasi, naona mkono ule na kipande cha chaki. Nikasema wacha aende. Nikampitisha Suam, nikamwachilia huru. Nilidhani nimemlipa wema wake."

"Ulimpoteza," nikamwambia. "Wewe ni Mubukusu mzima, unamwacha mtu mpakani bila kurudi, bila kuzikwa, na unaita hiyo wema? Sasa kuna mtoto Bungoma hana jina."

Nikamweleza yote, ya Phanice na ya Wakoli pia. Aliposikia ya mtoto aliinamisha kichwa. Lakini waandishi ni watu wa ujanja. Baada ya kidogo akainua kidole.

"Tumepata, mama! Majasusi hutumia majina ya uongo. Nitaandika kwamba yule hakuwa Wabwile. Alikuwa mgeni aliyeiba jina la fundi mwema. Mume wako anatoka msafi, tumemaliza."

Nikafikiri juu ya hilo. Sidanganyi, lilinivuta. Ningerudi Bungoma nikamwambia Phanice si yeye, ni mwizi wa jina. Lakini nikaona bado mtu yule yuko daraja la Suam na mgongo wake.

"Na huyo mwizi yuko wapi?" nikauliza.

"Huyo… alitoroka."

"Basi bado anatembea. Na sasa anatembea hana hata jina la kumwitia. Umeharibu zaidi."

"Basi niandike alilazimishwa. Walimshikia bunduki."

"Si umeandika alitaka redio? Watu wamesoma redio. Mzee, sikutoka Bungoma ili uniongezee uongo juu ya uongo. Alimwuza Zakayo, sawa, alimwuza. Arudi aseme."

"Akirudi watamwua, mama."

"Arudi mchana, watu wakimwona. Aende kwa mke wa Zakayo kwanza kabla ya kwenda kwa polisi."

"Hicho si kitabu cha ujasusi tena."

"Hiyo siyo shida yangu. Leta karatasi."

Alisema macho yake si mazuri. Nikamwambia aandike herufi kubwa, hata mimi ndizo ninazozipenda. Alisema kitabu kimeshachapwa karibu miaka arobaini, karatasi mbili hazitabadilisha. Nikamwambia mimi sitoki hapa, na nikavua viatu. Wateja wawili walikuja kuulizia miche, nikawaambia warudi kesho, mzee ana kazi. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na daftari la mstari na kalamu mbili.

Tulibishana mpaka saa tisa. Alitaka Wabwile afe mara tu baada ya kuungama, nikakataa, afungwe kwanza. Alitaka afungwe miaka mitatu, nikasema mwalimu mzima kwa miaka mitatu? Tukaweka kumi na moja. Tulipofika mazishi, aliandika kwamba mke wa Zakayo alimsamehe akalia juu ya jeneza.

"Futa," nikasema.

"Mama, msomaji anataka msamaha."

"Msomaji hakuuliwa mume. Kwani umewahi kukaa na mjane wewe? Mimi ni mjane, nakwambia futa. Huyo mama atakuja mazishini kwa sababu anajua heshima. Lakini hawezi kuamrishwa na kalamu."

Kisha akafuta, akaandika mistari mitatu mingine, akanisomea bila kuniangalia usoni. Nikamwambia weka sahihi. Aliweka jina lake lote na tarehe. Chai ilikuwa imepoa na kushika ngozi juu. Nikainywa yote.

Kesho yake, kabla sijamwonyesha mtu yeyote, nilipitia kwa Osman atoe nakala. Akasoma akiwa amesimama, mteja anamwita haitiki. "Hii inaingia nyuma ya kila kitabu kitakachopita hapa," akasema. "Nitabandika kwa gundi, mama, si kwa pini. Pini hutoka."

Jumapili walikuja. Mama yake Phanice na dada zake, watu wetu wa Matulo, nyumba ikajaa mpaka Khisa akakaa kwenye kizingiti. Baada ya chakula Phanice akamshika mtoto akaniangalia. Nikatoa karatasi kwenye leso. Mmoja wa dada zake akanyoosha mkono ili anisomee, nikamwambia akae.

Nilisoma kwa kidole. Niliwachosha, najua. Neno moja nilirudia mara tatu. Lakini hakuna aliyeondoka.

"Wabwile alikaa ng'ambo ya Suam miaka miwili, na hakuna aliyemfukuza. Redio iliisha betri, hakununua nyingine. Siku moja akarudi kwa miguu, mchana, daraja likiwa limejaa watu wa soko. Akaenda moja kwa moja kwa mke wa Mwalimu Zakayo. Akasimama uani, akasema, 'Ni mimi niliwaonyesha mlango.' Yule mama alikuwa anapeta maharagwe. Akaendelea kupeta. Wabwile akaenda kituo cha polisi akasema tena. Akafungwa miaka kumi na moja. Akatoka na kikohozi. Akafa Matulo, kitandani, ndugu zake wakamwosha, wakamzika nyuma ya nyumba. Mke wa Zakayo alikuja mazishini. Akaletewa kiti, hakukaa. Udongo ulipokwisha kujazwa, akafunga leso yake vizuri, akaenda."

Nikakunja karatasi. Mzee mmoja wa kwetu akasema, "Sasa huyo amezikwa." Wengine wakaitikia. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mtu mmoja tu.

"Hakukaa?" Phanice akauliza.

"Hakukaa."

"Hata walipomletea kiti?"

"Hata walipomletea."

Akamhamisha mtoto bega lingine. "Kama angekaa, Kukhu, ningejua mmeniandikia tu ili nikubali." Akamfunika miguu. "Na shuleni? Wakimcheka?"

"Atakuwa na karatasi hizi. Awasomee mbele ya darasa, kama mimi nimeweza na macho haya. Osman ameshabandika kwenye vitabu sita, na mimi nitaenda katika kila shule ambayo ina hicho kitabu, hata kama ni kumi. Miguu ninayo."

"Najua unayo," akasema, na mama yake akacheka. "Lakini Brayden anabaki. Katikati."

"Akae katikati," nikasema. "Katikati kuna nafasi."

Khisa akapiga makofi tena, mjinga yule. Wanawake wakapiga vigelegele, kila mtu akataka kumshika mtoto, akapita mikononi mwa watu wote, wazee wakimwambia habari za baiskeli na za chaki kana kwamba anaelewa. Mimi nilikuwa nangoja, maana bado mama yake hakuwa amemwita kwa jina. Wengine wote walimwita. Yeye alikuwa anakusanya sahani.

Alirudishiwa mtoto jioni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao. Akamweka begani, akatoka naye mlangoni kuaga wageni. Kisha nikamsikia anapiga kelele huko nje, mbele ya watu wote.

"Aki wewe Wabwile! Gauni ya kanisa! Umenikojolea tena!"

Nikainuka nikaenda kumtafutia nepi kavu.